Kizimba cha Chuma cha Tangi la Mafuta

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu, watunza ghala na madereva wa vyama vya msingi



Msimu wa kulima unapowadia, chama chenye trekta hupatwa na taabu moja ambayo chama kisicho na trekta hakiijui, nayo ni kuyafuata mafuta. Kituo cha mafuta aghalabu kiko mjini, kilometa 30 au 40 kutoka mashambani. Trekta likitumwa huko kila jioni, litaunguza barabarani sehemu kubwa ya kile lilichokwenda kukifuata, na asubuhi itakuta wakulima wamekaa kwenye matuta wakilingoja. Kwa sababu hiyo vyama vingi vimejipatia tangi la kuhamishika, linalopakiwa juu ya pikapu au trela na kupelekwa mpaka kwenye shamba. Tangi hilo hununuliwa kwa mashauri mengi. Bei hulinganishwa, wajumbe hutumwa mjini wawili wawili, muhtasari huandikwa. Lakini namna ya kulifunga ili lisafiri salama huachiwa dereva na kipande cha kamba ya katani.

Chama kimoja cha wakulima wa pamba katika Kanda ya Ziwa, ambacho hakuna haja ya kukitaja jina, kiliilipia kamba hiyo gharama kubwa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na kila aijuaye ardhi nyeusi ya mbugani anafahamu jinsi inavyokuwa baada ya mvua: inateleza kama sabuni juu, na chini inameza gurudumu. Trela lilikuwa limebeba lita 480 za dizeli. Penye kalavati gurudumu la kushoto likazama, trela likainama, na tangi likateleza kama shibiri moja tu hivi. Halikupinduka wala halikupasuka. Mwili wake ulibonyea mahali padogo ambapo hata rangi haikubanduka. Lakini koki ya kutolea mafuta, iliyochomoza ubavuni chini, ilijigonga kwenye ukingo wa trela ikakatika shingoni.

Tangi lilikuwa limeulalia upande ule ule uliovunjika, kwa hiyo dereva hakuweza kupenyeza hata mkono ili kuziba tundu. Kwa muda usiofika nusu saa mafuta yalishuka mtaroni, na kutoka mtaroni yakaelekea kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Zikaokolewa lita 90 hivi. Kulima ekari moja huchukua, kwa kadiri ya ugumu wa udongo na kina cha plau, kati ya lita 6 na 10. Basi zile lita 390 zilizopotea zilikuwa ni ekari 39 kwa uchache, na pengine zilifika 65. Wenye ekari hizo walikwisha kulipa ada ya kulimiwa. Mvua haikuwangoja.

Hasara ya pili ilikuja siku ya mkutano, nayo haikuwa ya mafuta. Wanachama walitaka kujua ni lita ngapi hasa zilizokuwamo ndani ya tangi lilipoanguka. Katibu alikuwa na stakabadhi ya kituo cha mafuta, basi. Hakuna aliyelipima tangi lilipotoka mjini, na hakuna aliyepima kilichobaki mpaka siku ya tatu. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya upole iwapo mtaro unaweza kweli kunywa mafuta yote yale, na baada ya swali hilo hapakuwa tena na upole. Dereva akaitwa mwizi mbele ya mkewe. Kesho yake alirudisha funguo za trekta, akawaacha wenye chama na trekta lisilo na dereva katikati ya msimu.

Lipo jambo jingine ambalo siku ile lilipita salama kwa bahati tu. Watu walifika na ndoo na sufuria kuchota. Ilikuwa dizeli, ambayo haishiki moto kwa urahisi katika joto la kawaida. Ingalikuwa petroli, mambo yangalikuwa mengine, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini, na hulifuata jiko au sigara iliyo mbali na pale palipomwagika. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, na waliokimbilia kuchota wakashikwa na moto. Waliofariki siku ile na baadaye hospitalini walizidi 100. Tangi la chama ni dogo sana mbele ya lori lile, lakini kinachowavuta watu na ndoo zao ni kile kile.

Katika mkasa wa kalavati yafaa kuangalia kilichovunjika. Watu wengi hudhani kwamba kizimba hutengenezwa kwa sababu bati la tangi ni dhaifu. Sivyo. Tangi la bati la milimita 3 huvumilia mengi. Vinavyovunjika ni vile vilivyochomoza nje yake: koki, kifuniko cha kujazia, kipumulio, pampu na mpira wake. Kizimba kinachoukumbatia mwili wa tangi kikaiacha koki nje ni kama mlinzi anayelala ndani ya nyumba na kuuacha mlango wazi. Kanuni ya kwanza ya kumpa fundi ni hii, kwamba hakuna kitu chochote cha tangi kitakachovuka mstari wa kizimba, si ubavuni, si juu, si chini. Ukiliweka bapa la mbao juu ya nguzo mbili zozote za kizimba, bapa hilo lisiguse koki wala pampu.

Basi tuseme chama kina tangi jipya lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 80 na kimo cha 65. Tangi hilo huingiza lita 520, lakini halijazwi hadi juu. Dizeli hutanuka kwa joto. Lita 500 zilizotiwa asubuhi ya baridi zikiongezewa joto la nyuzi 20 huwa zaidi kwa takriban lita 8, na lita hizo ni lazima zipate mahali pa kukaa. Kujaza kuishie penye lita 495 hivi. Mafuta hayo yana uzito wa kilo 415 hivi, kwani lita moja ya dizeli haifiki kilo moja. Bati la tangi ni kilo 90 na ushei. Ukiongeza kizimba chenyewe, pampu na mpira, mzigo wote unakaribia kilo 600.

Kilo 600 zilizotulia si tatizo kwa pikapu ya tani moja. Tatizo ni pale ng'ombe anapokatisha barabara. Gari likifunga breki kwa nguvu, mzigo husukuma mbele kwa nguvu inayokaribia sehemu 8 katika 10 za uzito wake, yaani kwa mzigo huu ni kama kilo 480 zinazotaka kwenda kuketi na dereva. Katika kona kali au mtelemko wa kando, nusu ya uzito huvuta ubavuni. Kamba ya katani iliyolowa mvua na mafuta haina jibu kwa nguvu hizo.

Kizimba cha tangi hilo kiwe na urefu wa sentimita 110, upana wa 90 na kimo cha 90. Kwa vipimo hivyo panabaki nafasi ya sentimita 5 kila upande, na juu ya tangi panabaki sentimita 25 za kuhifadhi kifuniko, kipumulio na pampu ya mkono. Koki iliyochomoza zaidi ya sentimita 5 haina budi kuhamishwa au kizimba kipanuliwe upande huo. Iliyo bora ni kutokuwa na koki ya chini kabisa, mafuta yakavutwa kwa juu kwa pampu, kwani tundu lililo juu ya mafuta haliwezi kuyamwaga yote hata likivunjika, maadamu tangi halijapinduka. Mafundi wa mjini hupenda koki ya chini kwa kuwa ni rahisi. Mnunuzi na aikatae.

Chuma kinachofaa ni kile chenye pembe, kilichokunjwa mfano wa herufi L, chenye mbavu za milimita 50 kwa 50 na unene wa milimita 5. Mita moja ya chuma hicho ina uzito wa kilo 3 na robo tatu hivi. Kingo 12 za kizimba zinahitaji mita 11 na sentimita 60. Vitako 3 vya kulalia tangi chini ni mita 2 na sentimita 70. Na mishazari ya pande nne ni mita 5 na nusu kasoro kidogo. Jumla yake haifiki mita 20. Vipande vinauzwa kwa mita 6, basi vipande 4 vinatosha, na masalio yatatumika kwa miguu na vishikio. Kizimba kizima kinakuja kilo 75 hivi.

Mishazari ndiyo ambayo mafundi wasiosimamiwa huiacha, kwa kusema kwamba inakula chuma bure. Mwenye kutaka kuuona umuhimu wake achukue ganda la kiberiti, atoe kijaluba cha ndani, kisha alibonyeze kwa ubavu. Litalala kama karatasi, ingawa hakuna hata upande wake mmoja uliokatika. Ndivyo kizimba chenye kingo 12 tupu kinavyolala gari likipinduka. Mshazari mmoja tu katika kila upande hulizuia lisilale, kwa kuwa pembetatu haibadiliki umbo mpaka chuma chenyewe kikatike au kipinde. Upande wa pampu mshazari unaweza kuwa mfupi, ukakata pembe mbili za chini tu, ili mkono upate kupita.

Kabla fundi hajachomelea moja kwa moja, ashike kwanza kila kona kwa tone dogo, kisha apime kwa tepu kutoka kona hata kona. Kitako cha sentimita 110 kwa 90 kikiwa kimenyooka, vipimo vyote viwili vya mshazari vitakuwa sentimita 142. Kimoja kikiwa 140 na kingine 144, kizimba kimekwenda upogo, na tangi litaegemea upande mmoja daima. Tone dogo hugongwa kwa nyundo likarekebishwa. Mshono mzima haurekebishiki. Nguzo mbili za mbele na ukingo wa juu kati yao zisichomelewe, bali zifungwe kwa boliti, ili siku ya kulitoa tangi kulisafisha asitafutwe mtu wa kukata chuma karibu na mafuta.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mwenyekiti, katibu na mtunza ghala wanapaswa kulikataza kwa kinywa na kwa maandishi. Hakuna kuchomelea kizimba wakati tangi limo ndani, au limeegeshwa kando, ikiwa tangi hilo limewahi kutiwa mafuta hata mara moja. Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa. Lililojaa halina nafasi ya hewa. Lililomwagwa limebaki na utando wa mafuta ukutani na hewa tele ya kuchanganyika na mvuke wake. Dizeli inayokataa kuwaka kwenye ndoo hugeuka mvuke ikiguswa na joto la kuchomelea, na tangi hulipuka kama bomu. Mafundi wazoefu wamekufa kwa sababu tangi lilikaa wazi wiki nzima na halikutoa harufu. Basi vipimo vichukuliwe kwanza, kizimba kijengwe mbali, kipoe, kipakwe rangi, ndipo tangi liingizwe. Na ikiwa lazima kuchomelea kishikio kwenye gari lenyewe, waya wa betri ung'olewe, tangi la gari na mabomba yake yawe mbali na cheche, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, si ofisini.

Tangi halichomelewi kwenye kizimba. Linakaa juu ya vitako vitatu, na baina ya chuma na chuma huwekwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Pasipo mpira, barabara ya matuta husugua bati usiku na mchana, na mwisho wa msimu hutoboka mahali pasipoonekana. Mikanda miwili ya bati nene, yenye boliti ya kukazia, hupitishwa juu ya tangi na kushikwa na kingo za chini. Ndani ya tangi, kama linaagizwa jipya, uwekwe ukuta mmoja wenye matundu unaokata katikati, kwani lita 250 zilizo katika tangi la 500 ndizo zenye vurugu kubwa. Husukumana mbele na nyuma kama maji ndani ya mtungi uliobebwa na mtoto, na dereva huhisi gari linavutwa na mtu asiyeonekana.

Kizimba hufungwa garini kwa boliti 4 za milimita 12 au zaidi. Boliti hizo peke yake zina nguvu ya kutosha na kubaki. Udhaifu uko kwenye bati la bodi ya pikapu, ambalo litachanika kama kitambaa na kuziachilia boliti nzima nzima. Kwa hiyo chini ya bodi kila boliti ipite kwenye kipande cha bamba la chuma cha sentimita 10 kwa 10, chenye unene wa milimita 6, na palipo na mhimili wa chesisi boliti zifuate mhimili. Kizimba kisogezwe mpaka kiguse ukuta wa mbele wa bodi. Kwenye trela la magurudumu mawili kikae juu ya ekseli, kikitangulia mbele kidogo, ili ndoano ya trekta isinyanyuliwe.

Pande za kizimba zisifunikwe kwa bati. Wako wanaopenda kulifunika ili lipendeze na kuandikwa jina la chama, lakini bati huficha uvujaji na kufungia mvuke. Wavu wa chuma upande wa juu, wenye bawaba na kufuli, unatosha kuzuia mikono. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe mara mbili kabla ya rangi ya juu, hasa kwenye mishono na ndani ya pembe, mahali ambapo brashi ya fundi mwenye haraka haifiki.

Kuna vyama vilivyonunua matangi ya plastiki ya lita 1,000 ambayo huja na kizimba chake cha mabomba membamba. Kizimba hicho kilikusudiwa kulishikilia tangi lisivimbe na kulipanga ghalani, na koki yake ya chini iko karibu mno na ukingo. Kuyatia petroli ni kosa lisilo na mjadala. Kuyatia dizeli na kuyaweka juani mwaka baada ya mwaka ni kungoja plastiki ikakamae na kupasuka. Aidha tangi hilo likijaa dizeli lina kilo 840 za mafuta peke yake, mzigo ambao pikapu nyingi za vijijini hubeba kwa kulalamika.

Baada ya kizimba kuwekwa, kijaribiwe kwa maji kabla ya mafuta. Tangi lijazwe maji, gari liendeshwe kwenye barabara mbaya kilometa chache, lifungwe breki mara tatu nne, kisha kila boliti ikaguliwe kwa spana. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo jaribio hilo ni gumu kuliko safari yenyewe. Tangi likaushwe vizuri baadaye, maana maji yaliyobaki huenda kuziua pampu za injini.

Liko pia suala la kijiti. Kizimba chenye wavu na kufuli hulinda mafuta njiani, lakini hakimlindi dereva mkutanoni. Katika tangi lenye kuta zilizosimama wima kama hili, kila sentimita ya kimo ni lita 8, na kijiti cha mbao ngumu kilichochongwa alama hizo kinasema idadi kwa muda wa dakika moja. Kipimo kichukuliwe kituoni na kiandikwe. Kichukuliwe tena shambani na kiandikwe. Mpimaji na dereva watie sahihi wote wawili.

Chama kile cha kalavati kilijenga kizimba chake kabla ya msimu uliofuata. Fundi alikuwa kijana wa sokoni, na mtunza ghala alisimama naye siku mbili akiishika tepu. Wajumbe wawili walikwenda kumwona dereva nyumbani kwake. Aliwasikiliza, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza habari moja tu: ni nani atakayeshika kijiti cha kupimia. Walipomjibu kwamba kitashikwa na mwanachama atakayechaguliwa na mkutano, wala si katibu wala si yeye, alisema atakuja Jumatatu kuliangalia trekta.